Gari limegoma kuwaka? Lisikilize kwanza

Simu za asubuhi zinafanana. "Fundi, gari imekufa." Siulizi ni gari gani wala mtu yuko wapi. Nauliza, "Ukizungusha ufunguo inalia vipi?" Hapo mtu hunyamaza, maana hakusikiliza. Alishtuka, akazungusha tena na tena mpaka betri ikalegea kabisa, ndipo akanitafuta. Basi namwambia aweke simu karibu na usukani, azungushe mara moja tu, nisikie. Mara nyingi nikishasikia najua nibebe nini kabla sijapanda boda.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Ndeeba, Kampala. Kazi niliianzia Malaba, mpakani, kwa madereva wa malori wanaopanda kutoka Mombasa, na ndiyo maana naandika kwa Kiswahili na si kwa Luganda. Haya ni yale yale ninayomwambia mteja kwenye simu, ila hapa nimeyapanga ili uyafuate mwenyewe ukiwa umekwama, kabla hujalipa mtu.

Jambo moja kuhusu magari yetu. Mengi ni mtumba wa Japani. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza gari lililopita miaka 15, lakini yale yaliyokwisha kuingia bado tunayo na yanazeeka pamoja nasi. Kwa hiyo usidhani kila kinachogoma kimeharibika ndani. Mara nyingi ni waya uliochoka, kibano kilicholegea, au kutu iliyokaa mahali umeme unapopita.

KABLA YA KUFUNGUA BONETI

Ukiwa barabarani, kwanza jiokoe wewe. Sukuma gari nje ya lami, washa taa za hatari, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, hasa kama umezimikiwa kwenye msitu wa Mabira usiku, ambako lori la mizigo linakujia bila kukuona. Huna pembetatu? Matawi ya miti ni lugha ambayo kila dereva wa Uganda anaielewa. Ila ukiondoka yatoe. Nimewahi kumwokota mtu wa boda aliyeanguka juu ya tawi ambalo aliyeliweka alishafika nyumbani zamani.

Sasa yale madogo ambayo watu huona aibu kuyakagua. Gari la otomatiki halipigi stata, ile mota inayozungusha injini, kama mkono wa gia hauko kwenye P au N. Ukiwa kwenye P na kimya, kanyaga breki, urudishe mkono kwenye N, jaribu tena. Likiwaka kwenye N peke yake, swichi ya gia ndiyo mgonjwa na utaweza kufika nyumbani. Gari la gia za mkono, kanyaga klachi mpaka chini, maana mengine yana swichi hapo. Ufunguo ukikataa kabisa kuzunguka, usukani umejifunga: utikise kulia na kushoto huku unazungusha ufunguo taratibu.

Kama lako ni la kubonyeza kitufe na dashibodi inasema haioni ufunguo, betri ndogo ya ufunguo imekufa. Kwenye Toyota nyingi unakanyaga breki, unagusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe mpaka usikie mlio, kisha unabonyeza. Niliwahi kuvuka mji mzima kwenye foleni kwenda kufanya hilo tu. Mzee mwenye gari aliona haya kuliko mimi.

JARIBIO LA TAA

Washa taa kubwa za mbele. Kama ni mchana, tazama mwanga wake ukutani au mwombe mtu asimame mbele ya gari. Piga stata huku taa zinawaka, na uangalie na usikilize kwa wakati mmoja.

Taa zikififia sana au zikizimika na gari likatoa sauti ya kukatakata, ta-ta-ta-ta-ta kama cherehani, umeme hautoshi. Ni betri, au umeme wa betri haupiti vizuri kwenye vibano.

Ukisikia "ta!" moja nzito kisha kimya, huku taa zimebaki na nguvu, shuku stata yenyewe au waya wake.

Kimya kabisa, taa ziko kama zilivyokuwa: amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Rudi kwenye gia, klachi, fyuzi na rilei, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme.

Kimya na taa hazipo, hata redio hakuna: betri imekufa kabisa, au kibano kimechomoka.

Na kama injini inazunguka vizuri, inapiga stata kwa nguvu zake zote lakini haishiki moto, basi betri na stata achana navyo. Hao si wagonjwa wako, na atakayekuuzia betri siku hiyo anakuibia. Ruka hadi sehemu ya mafuta huko chini.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Pumzika angalau nusu dakika, kisha jaribu tena. Stata hupata moto haraka sana, na mtu anayeing'ang'ania dakika nzima hugeuza tatizo moja kuwa mawili.

VIBANO VYA BETRI, AMBAPO PESA NYINGI HUPOTEA

Mwaka jana aliniita dada mmoja mwenye Toyota Premio. Gereji moja ilikuwa imemwambia stata imekufa, akafungiwa nyingine ya mtumba. Siku mbili, gari likanyamaza tena. Akaambiwa ni betri, akanunua betri mpya. Siku tatu, kimya. Nilipofungua boneti nikashika kibano cha waya hasi kwa vidole viwili, kikazunguka kama kifuniko cha chupa ya maji. Ndani ya kibano palikuwa na msumari uliopigiliwa ili kubana. Betri aliyouziwa ilikuwa na vichwa vyembamba, na vibano vya gari lake ni vya vichwa vinene. Nilitoa msumari, nikavisha vichwa vya betri mikono ya risasi ya saizi yake, nikakaza kwa spana namba 10. Akaniuliza bei. Nikamwambia anipe hela ya soda. Hakucheka. Alikuwa anahesabu kichwani zile alizokwisha kutoa.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, shika kila kibano kwa mkono, ukizungushe. Kikisogea hata kidogo, umepata. Ukiona unga mweupe au wa kijani umevimba kuzunguka kichwa cha betri, umeme unapita kwa shida hata kama kibano kimekaza. Fungua waya hasi kwanza, ule mweusi, ndipo ufungue chanya. Sababu ni rahisi: ukianza na chanya halafu spana ikagusa bodi ya gari, cheche utakazoona hutazisahau. Mwagia maji ya moto yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae, kausha. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza, kisha paka grisi kidogo juu, si katikati. Pete, saa na bangili za chuma ziweke mfukoni wakati wa kazi hii.

Halafu fuata ule waya mweusi unakokwenda. Unaenda kwenye bodi, na kuna mwingine unaounganisha injini na bodi. Huu wa pili ndio wanaousahau wote. Ukiota kutu, gari hutoa "ta!" moja na kila mtu hulaumu stata. Njia ya kuujaribu: chukua waya mmoja wa jampa, zile nyaya za kubusti betri, bana upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande mwingine kwenye chuma kisicho na rangi cha injini, mbali na feni na mikanda. Piga stata. Likiwaka, umenunua waya wa arthi badala ya stata.

BETRI YENYEWE

Mita ndogo ya umeme yauzwa kwenye maduka ya spea pale Kisekka na kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme, na ni kifaa ambacho ningependa kila mwenye gari awe nacho kabla ya kununua vipodozi vya dashibodi. Iweke kwenye volti za DC, 20. Pima asubuhi kabla hujawasha. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini, betri itakudanganya kwa sababu imetoka kuchajiwa.

Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ina kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 iko karibu kuisha, na chini ya hapo usitegemee kitu. Kisha mwombe mtu apige stata huku unatazama mita. Ikishuka mpaka chini ya volti 9.6 ilhali ilianza na 12.6, betri imezeeka ndani: inaonyesha sura ya kujaa lakini haina nguvu ya kusukuma. Hiyo hata ukiichaji usiku kucha, kesho yake ni yale yale.

Kama ni ya kuongeza maji, fungua vifuniko. Sahani zikiwa zimekauka ongeza maji ya betri tu, yale yaliyosafishwa. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi zinazoua sahani, na tindikali usiongeze. Usichungulie na kiberiti wala sigara: betri hutoa gesi inayolipuka. Nasema hivi kwa sababu nimeona mtu akimulika kwa kiberiti.

KUBUSTI KWA GARI LA JIRANI

Hapa fuata mpangilio, usibuni wako.

1. Magari yasigusane. Zima yote mawili, taa na redio pia. Hakikisha yote ni ya volti 12.
2. Bana waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa.
3. Mwisho wa pili wa mwekundu, kwenye chanya ya betri nzima.
4. Bana waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima.
5. Mwisho wa pili wa mweusi usiubane kwenye betri iliyokufa. Ubane kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Cheche ya mwisho hutokea hapo, na hutaki itokee juu ya betri inayotoa gesi.
6. Washa gari zima, liache linguruma dakika tano hivi, ndipo upige stata ya gari bovu.
7. Likishawaka, toa nyaya kwa kurudi kinyumenyume: mweusi wa kwenye injini kwanza, mwekundu wa kwenye betri iliyokuwa imekufa mwisho.

Ile sentensi ya volti 12 isikupite. Malori makubwa hutumia volti 24, betri mbili zilizofuatana. Pale Malaba dereva mmoja mwenye roho nzuri alimsaidia mwenye gari dogo kutoka kwenye lori lake. Gari liliwaka, ndiyo. Likawaka pamoja na redio, balbu na kompyuta ya injini. Harufu ile ya plastiki ilikaa pale yadi mpaka jioni. Shukuru kwa wema, kisha tafuta gari dogo.

Likishawaka, pima betri injini ikiwa inanguruma. Volti kati ya 13.8 na 14.5, alternata, mashine inayochaji betri, inafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu, haichaji: angalia kama mkanda wake umelegea au umekatika, kisha mwone fundi, maana gari litakuzimikia tena mbele kidogo. Na kuna tabia moja ya mafundi wetu ninayoipinga kila siku: kuchomoa kibano cha betri injini ikiwaka "ili kupima alternata". Kwenye magari ya zamani ilipita. Kwenye gari lenye kompyuta, umeme unaweza kuruka ghafla na kuunguza vitu vya bei mbaya. Fundi akinyoosha mkono kufanya hivyo kwenye gari lako, mshike mkono. Mwambie, "Ssebo, tumia mita."

Foleni ya Kampala haichaji betri vizuri, injini inakuwa kwenye mzunguko mdogo huku taa, feni na redio vinakula. Baada ya kubusti, nenda safari ya nusu saa au zaidi barabara ikiwa wazi, au peleka betri ikachajiwe taratibu kwa chaja.

KUSUKUMA

Gia za mkono tu. Ufunguo kwenye ON, gia ya pili, klachi chini, wasukume au telemka mlima, na gari likishika kasi ya mtu anayekimbia, achia klachi kwa ghafla, likishtuka kanyaga klachi tena. Kampala yenye vilima vyake ni rafiki wa jambo hili, lakini kumbuka injini ikiwa imezima breki huwa ngumu na usukani mzito. Usianze kutelemka kama chini kuna watu. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Vijana wa steji watakusukuma mpaka mtokwe jasho wote, watataka malipo, na litabaki vile vile.

STATA

Kama ni ile "ta!" moja, vibano ni safi, arthi ni nzima na betri ina volti zake, kuna ujanja wa kukufikisha nyumbani. Mtu azungushe ufunguo na kuushikilia, wewe gonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa spana ya tairi, mara mbili tatu. Usigonge kama unavunja mawe. Ikiamka, kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani, zimekwisha au zimekwama, na itakugomea tena kesho au keshokutwa. Kwenye magari mengine stata imefichwa chini ya mabomba na haifikiki, usijichome mkono.

Kaboni hubadilishwa, na vigusio vya solenoidi, swichi kubwa ya stata, pia. Si lazima ununue stata nzima. Ukisikia stata inalia "wiiii" kwa kasi lakini injini haizunguki, meno yake hayashiki injini. Hilo ni la gereji.

INAZUNGUKA LAKINI HAISHIKI

Anza na mafuta, na usiniambie geji inaonyesha robo. Wengi wetu tunaishi kwa mafuta ya shilingi 10,000 leo na 10,000 kesho, na tunaegesha kwenye vilima vya Muyenga na Makindye pua ikiwa juu. Mafuta machache yakikimbilia upande mmoja wa tanki, pampu inavuta hewa. Mimina lita tano kwanza, au lisukume likae sawa, ndipo uendelee na uchunguzi. Vichekesho vingi vya gereji yetu vinaanzia hapa.

Kisha zima kila kitu, funga vioo, zungusha ufunguo mpaka ON bila kupiga stata, na sikiliza nyuma, chini ya kiti cha abiria. Magari mengi ya petroli hutoa mlio mdogo, "vuuu", kama sekunde mbili, kisha hunyamaza. Hiyo ni pampu ya mafuta inajaza bomba. Kuna ambayo pampu husubiri mpaka injini izunguke, kwa hiyo kimya peke yake si hukumu. Lakini kama gari lako lilizoea kutoa sauti hiyo na leo halitoi, fungua kisanduku cha fyuzi kwenye injini na utafute ile iliyoandikwa EFI. Waya wake mwembamba wa ndani ukiwa umekatika, weka nyingine yenye ampia zile zile. Zile zile. Mtu anayeweka kipande cha waya badala ya fyuzi anaomba moto. Fyuzi ikiwa nzima, chomoa rilei ya pampu, ubadilishane na ya honi kama namba zilizoandikwa juu yake zinafanana. Likiwaka, utakosa honi mpaka ununue rilei, na Kampala bila honi ni mtihani, lakini utafika.

Angalia dashibodi pia. Taa ndogo yenye picha ya ufunguo au kufuli ikipepesa wakati unapiga stata, gari halimtambui mwenye ufunguo na limejinyima moto. Toa ufunguo mwingine ulioning'inia kwenye shada moja, jaribu ufunguo wa akiba. Fundi hawezi kukusaidia kwa spana hapo, ni kazi ya kompyuta.

Ukinuka petroli nyingi baada ya kujaribu mara nyingi, injini imelowa. Kanyaga pedeli ya mafuta mpaka sakafuni na uishikilie hapo, piga stata sekunde tano hadi kumi. Kwenye injini nyingi za injekta hiyo humwambia kompyuta akate mafuta, hewa ikaushe plagi. Likianza kukohoa, achia pedeli polepole.

Dalili mbili nyingine. Gari linalowaka vizuri asubuhi, likipata moto linazima, na likipoa nusu saa linawaka tena, mwambie fundi aanze na sensa ya krenki. Na kama leo stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, laini na haraka kama haina uzito, simama papo hapo. Inawezekana mkanda wa taimingi umekatika, na kila mzunguko unaoongeza unaweza kupinda valvu.

Wako watakaokushauri umimine petroli kwenye njia ya hewa ili "kulishtua". Kijana aliyefanya hivyo mbele yangu alipoteza nyusi, na alikuwa na bahati.

MVUA

Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, simu huwa nyingi zaidi kutoka Bwaise na kandokando ya mfereji wa Nakivubo. Hapa kuna kosa linalogharimu injini nzima. Gari likizimika ndani ya maji, usipige stata. Hata mara moja. Kama maji yameingia kwenye silinda, hayabanwi kama hewa: pistoni inagonga maji na fimbo yake inapinda. Gari lililohitaji kukaushwa sasa linahitaji injini.

Liwekeni nje ya maji kwa kusukuma. Fungua kisanduku cha filta ya hewa. Filta ikiwa kavu, una nafasi nzuri. Chomoa soketi za koili na za sensa zilizolowa, zikaushe kwa kitambaa, zipulize hewa, subiri, kisha jaribu. Filta ikiwa imelowa, acha. Plagi zitolewe zote, injini izungushwe bila plagi maji yatoke, na oili ikaguliwe. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ina maji. Ibadilishwe kabla ya kuwasha.

DIZELI

Dizeli haina plagi za cheche. Ina hita plagi, na taa ya rangi ya manjano yenye umbo la koili inakuambia usubiri. Kampala watu huipuuza na gari linawaka tu. Ipuuze Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, saa 12 asubuhi, uone: linazunguka, linatoa moshi mweupe, halishiki. Washa ON, subiri taa izime, zima, rudia mara mbili, ndipo upige stata. Likikataa hivyo kila asubuhi, hita plagi zimeungua na hupimwa kwa mita moja moja.

Dizeli ikiisha ndani ya tanki hewa huingia kwenye mabomba, na kuongeza mafuta peke yake hakutoshi. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ya kubonyeza kwa mkono. Ibonyeze mpaka iwe ngumu, ukilegeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo mpaka mapovu yaishe, kisha ikaze. Madereva wa malori hufanya hivi huku wanapiga soga.

Na ukigundua bado uko kituoni kwamba umewekewa mafuta yasiyo yako, usiwashe, usiweke hata ON, maana pampu itaanza kuyasambaza. Sukuma pembeni, tanki litolewe mafuta.

GARI LILILOKAA

Mwisho wa Machi 2020, magari binafsi yalipozuiwa barabarani kwa sababu ya korona, tulijifunza jinsi gari linavyokufa likiwa limetulia. Yaliporuhusiwa tena kazi zilikuwa mbili tu: betri na panya. Alamu, saa na kifaa cha kufuatilia gari hunywa umeme kidogo kidogo usiku na mchana. Unapokwenda kijijini kwa wiki kadhaa, fungua waya hasi. Kuwasha dakika tano kila Jumapili hakutoshi kuijaza betri.

Kama betri nzima inaisha kila usiku, kitu kinainyonya. Zima vyote, weka mita kwenye soketi yake ya ampia 10, iunge kati ya waya hasi na kichwa chake, funga milango, subiri nusu saa kompyuta zilale. Ikibaki zaidi ya kama milliampia 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Aliyekuwa kwenye fyuzi hiyo ndiye mwizi. Nimekuta ni redio ya kisasa mara nyingi kuliko kitu kingine. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Panya utawajua kwa kinyesi juu ya injini na makapi ya mahindi karibu na betri. Kagua nyaya nyembamba za injekta kwa tochi. Waya mmoja uliotafunwa unatosha kugomesha gari, na huungwa kwa risasi ya kulehemu, si kwa selotepu.

UKIMWITA FUNDI

Mtumie ujumbe kama huu: "Premio ya petroli, otomatiki. Inazunguka vizuri, haishiki. Mafuta nimeongeza lita 5. Pampu siisikii. Fyuzi ya EFI nzima. Betri 12.5." Fundi anayesoma hivyo anajua abebe rilei na pampu, na anajua pia kwamba hawezi kukuuzia stata.

Mpatane bei ya kazi kabla hajashika spana, na useme mapema kwamba kila kilichotolewa unakitaka mkononi. Mwenzangu mmoja hapa Ndeeba hunilaumu kwa kuwafundisha watu maneno hayo. Wiki iliyopita mama mmoja alimwambia hivyo hivyo, fundi akainama chini ya gari, akatoka na stata ile ile ya zamani, akasema ngoja kwanza nisafishe vibano.